Kahawa ya Mtaani na Hesabu ya Kutoa

Safari hii twende Waithaka, magharibi mwa Nairobi, ukishaipita Kawangware na Riruta kuelekea Dagoretti. Tunamtafuta mtu mmoja tu huko: muuza kahawa wa mtaani. Si kampuni wala si hoteli ya watalii. Ni mtu na kibanda chake, jiko na thamosi zake, au yule aliyejikaza akakusanya pesa za chama akanunua mashine ndogo ya espreso.

Biashara ya mtu huyu husimama kwa mambo mawili. La kwanza, anamhudumia mteja kama mtu anayemjua. La pili, mtaa ukiwa na shida, naye anatoa. Tunapoyasifu mambo haya tunayasifu kama tabia njema, kama vile mama alivyomlea vizuri. Mimi leo nataka kuyaangalia kama biashara. Nasema hivi: kumjua mteja na kumpa mteja ni jambo moja lenye pande mbili, na upande wa pili una gharama. Asiyeiandika gharama hiyo atafunga kibanda huku mtaa mzima unamsifu kwa wema wake.

Kwanza tumweke mahali pake. Watu wa Waithaka wanaishi katikati ya historia ya kahawa ya nchi hii, na wengi hawana habari. Upande wa mashariki, pale Lavington ya leo, ipo misheni ya St Austin's, ambako mapadri Wafaransa walipanda mibuni karne ya 19 ilipokuwa inaisha. Miche mingine ilikuwa imetangulia Bura, kule Taita, mwaka 1893. Upande wa kaskazini, Kabete, zilikuwapo maabara za kilimo za Scott. Hapo ndipo wataalamu walipochagua, katika miaka ya 1930, aina za mibuni walizozipa majina makavu kabisa: SL28 na SL34. Leo mnunuzi wa Tokyo au Oslo akiisikia SL28 anakaa wima kwenye kiti. Mtu wa Waithaka anaweza kupita karibu na Kabete kila siku ndani ya matatu na asijue kwamba ladha hiyo inayosifiwa duniani ilichaguliwa pale.

Kwa nini hajui? Kwa sababu kahawa haikuwa yake. Serikali ya kikoloni ilimzuia Mwafrika kuipanda, na ilipoanza kulegeza kamba katika miaka ya 1930 ilifanya hivyo kwa majaribio tu, Meru, Embu na Kisii. Kiambu, ambayo Dagoretti ilikuwa sehemu yake kabla mpaka wa Nairobi haujasogezwa wakati wa uhuru, ilisubiri hadi miaka ya 1950. Watu walikwenda kuichuma kahawa ya mzungu, wakalipwa kwa debe, kisha wakarudi nyumbani kunywa chai. Hata baada ya uhuru, zao hili tulilitazama kama pesa za kigeni. Msimu wa 1987/88 tulifikia takriban tani 130,000; siku hizi kufikisha 50,000 ni kazi. Na katika hizo chache, zaidi ya asilimia 95 hupanda meli. Mnada unapigwa mjini, Wakulima House, barabara ya Haile Selassie, gunia linaondoka, na sisi tunaendelea na chai yetu ya maziwa.

Basi muuza kahawa wa Waithaka anapowasha jiko saa kumi na moja alfajiri, ana washindani wawili wakubwa. Wa kwanza ni chai ya kibanda cha jirani: tamu, ya moto, ina maziwa, inakuja na mandazi, na bei yake haishindiki. Wa pili ni maduka makubwa ya kahawa. Java House ilianza mwaka 1999 pale Adams Arcade, barabara ya Ngong, na waanzilishi wake, Kevin Ashley na Jon Wagner, waliwafundisha watu wa Nairobi kukaa na kikombe cha kahawa saa mbili wakiwa kwenye mkutano. Duka la namna hiyo lina viti vya ngozi, intaneti na choo safi. Kijana wetu hana hata kimoja. Kwa bei anashindwa na chai, kwa starehe anashindwa na Java. Abaki na nini?

Abaki na watu. Na hapa tuna walimu wa zamani, tukishuka pwani. Ukienda Mji wa Kale, Mombasa, jioni jua likipoa, utamkuta muuza kahawa chungu na dele lake la shaba, makaa yanawaka chini, tangawizi inanukia. Vikombe vyake ni vidogo, havina mikono, na anavigonganisha kwa vidole kabla hujamwona: kling-kling, kling-kling, ndilo tangazo lake lote la biashara. Anamimina kidogo, anasubiri, anaongeza. Wazee waliokaa kibarazani hawahitaji kuagiza. Anajua nani anataka cha pili na nani daktari amemkataza. Anajua nani hakuja jana, na leo anauliza: mzee fulani vipi, amepata nafuu? Ndugu zetu wa Dar es Salaam wana vijiwe vyao vya kahawa na kashata, na pale Mji Mkongwe, Zanzibar, Jaws Corner imejaa siasa na kahawa miaka nenda miaka rudi. Kote huko bei ya kikombe ni ndogo mno. Kinachomrudisha mtu kila jioni ni kwamba akikosekana, kuna atakayeuliza.

Hicho ndicho anachoweza kuuza kijana wa Waithaka, na Java hawezi kukiiga hata akitaka. Fundi wa mjengo anayewahi gari la kwenda Westlands anataka kahawa nyeusi, sukari vijiko viwili, na hataki mazungumzo, kwa sababu akichelewa, foromani ameshaandika majina. Mama anayetoka zamu ya usiku hospitalini anataka ya maziwa, isiwe kali, maana anakwenda kulala. Mzee mwenye nyumba za kupangisha anataka kikao, gazeti na mtu wa kumsikiliza. Mwanafunzi wa chuo anataka kukaa na kikombe kimoja mpaka saa sita mchana. Muuza kahawa akiyashika haya kichwani, hahitaji bango.

Lakini niongeze onyo moja. Waithaka ni mtaa wa wenyeji na wageni. Kuna familia ambazo shamba la ukoo liligawanywa likawa ploti, ploti zikawa vyumba vya mabati na baadaye maghorofa. Ndani ya vyumba hivyo wamekuja watu kutoka Kisii, Kitui, Busia na kwingineko. Huduma ya kujuana ina hatari ya kugeuka huduma ya kabila: huyu anasalimiwa kwa lugha ya nyumbani na kuulizwa habari za watoto, yule anapewa kikombe bila kutazamwa usoni. Mpangaji aliyehamia juzi ndiye mteja anayehitaji kujuliwa jina haraka zaidi, maana hana kwingine anakojulikana. Mwambao husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwenye biashara ya kahawa mwenyeji huyo hupona mfukoni.

Sasa tuingie upande wa pili. Ukishamjua mtu, naye anakujua. Na anayekujua atakuomba. Mteja wako wa kila asubuhi akifiwa, jina lako litaongezwa kwenye kundi la simu la mchango wa matanga, na orodha ya waliotoa itatumwa kila jioni, jina na kiasi. Mtoto wa jirani ameitwa kidato cha kwanza na karo haijatimia. Timu ya vijana inataka jezi. Kanisa linajenga. Fundi amekosa kazi wiki mbili na anaomba kikombe, atalipa mjengo ukianza. Wote hawa wana haki ya kuja kwako kwa sababu wewe ndiwe uliyewaambia, kila asubuhi, kwa salamu na tabasamu: mimi ni mtu wenu. Duka kubwa haliombwi hivyo. Hakuna anayemwendea keshia wa duka la kifahari na kadi ya matanga.

Kutoa kwenyewe si kugeni kwetu. Wakikuyu wa Dagoretti walikuwa na ngwatio, kazi ya kulimiana mashamba kwa zamu, na akina mama walibebeana kuni na chakula mwenzao alipojifungua. Baada ya uhuru tukaja na harambee, ikajenga shule na zahanati nyingi kuliko tunavyokumbuka. Halafu wakubwa wakaiteka. Mtu anafika na mfuko wa noti, anahutubia, anapigwa picha, na hakuna anayeuliza pesa zimetoka wapi. Mambo yakafika pabaya hata Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana kupinga Mswada wa Fedha, Rais William Ruto akatangaza kwamba maafisa wa serikali wasishiriki tena harambee. Tangazo ni tangazo. Lakini lilitukumbusha kwamba kutoa bila hesabu hufisidi anayetoa na anayepokea.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Ni kweli. Wahenga haohao wakasema mali bila daftari hupotea bila habari. Muuza kahawa anatakiwa kuzishika methali hizi zote mbili kwa wakati mmoja, na hapo ndipo wengi wanapoteleza. Basi tulifungue hilo daftari. Nambari nitakazozitaja ni za mfano, kila mmoja aweke zake.

Kilo moja ya kahawa iliyokaangwa, ukitumia gramu 18 kwa kikombe, inatoa vikombe 55. Tuseme umeinunua kwa shilingi 2,000. Kahawa peke yake ni kama shilingi 36 kwa kikombe. Weka maziwa shilingi 20, kikombe cha karatasi na kifuniko chake 12, sukari, maji na umeme 7. Umefika 75. Unauza 120. Zinabaki 45. Ukiuza vikombe 40 kwa siku, una 1,800. Ondoa kodi ya kibanda, leseni ya kanjo, cheti cha afya cha anayeshika chakula, ambacho huhuishwa kila miezi 6, na mshahara wa msaidizi. Tuseme vyote kwa siku ni 1,100. Umebaki na 700. Hizo ndizo za kwenda nyumbani.

Sasa angalia kikombe cha bure. Machoni pa rafiki ni kikombe tu, maji na unga. Kwako ni shilingi 75 zilizotoka mfukoni. Ili kuzirudisha lazima uuze karibu vikombe viwili vingine, kwa sababu kila kimoja kinakuachia 45 tu. Ukiwapa marafiki vikombe vitatu kwa siku, umetoa 225, karibu theluthi ya chakula cha watoto wako. Na pengine hao watatu si wenye shida. Ni wenye maneno matamu. Ndiyo maana nasema kutoa kusikoandikwa humfikia mwenye mdomo kuliko mwenye njaa.

Geuza hesabu hiyo. Tenga shilingi 3 kwa kila kikombe kinachouzwa, siku njema na siku mbaya. Vikombe 40 ni shilingi 120. Kwa siku 26 za kazi ni 3,120 kwa mwezi. Si pesa za kujenga zahanati. Lakini zinanunua vitabu vya watoto kadhaa, zinaweka jina lako kwenye matanga mawili kwa heshima, na bado kikombe cha fundi aliyekosa kazi kina mahali pa kutoka. Zaidi ya yote, zinakupa jibu. Anayekuja tarehe 28 na kadi, unamwambia bila haya: mfuko wa mwezi huu umekwisha, nikuandike wa kwanza mwezi ujao. Hujamnyima. Umempangia.

Na wazo hili si langu wala si geni katika kahawa. Wachaga wa Kilimanjaro, kupitia chama chao cha ushirika cha KNCU kilichoundwa mwaka 1933, walisomesha watoto kwa makato ya kahawa. Mkulima alijua tangu mwanzo kwamba sehemu ya kilo yake inakwenda shuleni. Hakusubiri kuombwa mlangoni, wala hakuna mkubwa aliyesimama jukwaani kujigamba kwamba ametoa yeye. Mjini Napoli, Italia, kuna desturi ya mteja kulipia vikombe viwili, anywe kimoja na cha pili kimsubiri mtu asiyejiweza, na hawa wawili hawaonani. Nalipenda hilo la kutoonana. Mwenye shida anafika, anauliza kama kuna kilicholipiwa, anakunywa kama mteja mwingine yeyote. Waithaka jambo hilo linawezekana kwa M-Pesa na alama za chaki ubaoni: mteja analipa cha ziada, mstari unachorwa, kikinywewa, mstari unafutwa. Huhitaji kujaza fomu wala kupigwa picha.

Kuna wengine wanaokirudisha kikombe hadi shambani. Mkenya Margaret Nyamumbo, aliyetoka katika familia ya wakulima wa Kisii, alianzisha huko Marekani kampuni ya Kahawa 1893. Kwenye pakiti zake kuna alama ambayo mnywaji huipiga picha kwa simu na kutuma bakshishi kwa wanawake wanaolima. Inafaa tulitafakari, maana kilo moja ya kahawa safi hutoka kwa takriban kilo 7 za matunda mekundu, na kuchuma, kuchambua na kubeba hadi kiwandani mara nyingi ni kazi ya mama ambaye akaunti ya ushirika iko kwa jina la mume. Muuza kahawa wa mtaani anayenunua buni kwa chama cha wakulima anachokijua, akawaambia wateja inatoka mlima gani na nani alilipwa lini, naye ametoa, hata kama hakutia senti kwenye bakuli.

Nikiwa hapohapo, kuna kutoa kunakomrudia mtoaji moja kwa moja, na hatukuiti kutoa. Maziwa nunua kwa jirani mwenye ng'ombe, Dagoretti bado wapo. Mandazi usipike mwenyewe. Mwachie yule mama wa ng'ambo ya barabara, ayalete kibandani, mgawane. Msaidizi mtafute kwa vijana wa hapo, umfundishe kusaga na kupasha maziwa, na akienda kuajiriwa duka kubwa usimnunie. Hayo hayana orodha ya mchango, lakini pesa ya asubuhi inazunguka mtaani mara kadhaa kabla haijapanda matatu kwenda mjini.

Neno moja kwa wenye vibanda. Mtu akikujua jina, atakuambia na mambo yake. Utasikia nani hajalipa kodi, nani amegombana na mke, nani anaumwa ugonjwa anaouficha. Usiyamimine kwa mteja anayefuata. Na deni la mtu usilibandike ukutani. Nimeona vibanda vyenye karatasi ya majina ya wadaiwa juu ya jiko, mwenye kibanda akidhani ataharakisha malipo. Mtu aliyeaibishwa halipi, anabadilisha njia ya kwenda steji. Weka kiwango cha kukopesha, tuseme vikombe vitano, kiwe kimoja kwa wote, mzee na kijana, mwenyeji na mgeni. Kikifika, mwambie kwa sauti ya chini mkiwa wawili.

Na neno la mwisho kwa sisi wanywaji, maana lawama ya vibanda vilivyofungwa tunaishiriki. Tumezoea kuupima urafiki kwa kinachotolewa bure. Mtu akifungua biashara, wa kwanza kufika ni binamu na wanachama wenzake, na wa kwanza kukopa ni haohao. Tunasema, si ni kahawa tu? Shilingi 75 kila mmoja, wasikilizaji, na nyumbani kwake kuna watoto. Kama kweli unampenda mwenye kibanda kwa sababu anakujua jina, anakukumbuka sukari yako, na alikuja kwenye matanga ya baba yako, basi lipa bei kamili, lipa leo, na deni la juzi limalize. Ukibakiwa na shilingi 3, muulize mfuko wa mwezi huu unakwenda wapi, uziongeze.